Huyu dalali wa Buguruni mnayemjua wote leo kanivunjia heshima, sikubali!

Binti wa Uani:
Wakuu, natetemeka hadi vidole, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie. Jina simtaji. Shuka Buguruni Sheli, uliza nyumba inayouzwa, hata mtoto anayenyonya atakunyooshea kidole alipo. Kofia ileile, simu tatu, na kicheko kinachotangulia kabla hujasema shida yako.

"Nenda Chanika, dada." Hivyo ndivyo alivyoniambia, yaani nihame mjini Dar niende huko pembezoni kabisa. Mbele za watu!

Na nyumba yenyewe si ghorofa jamani. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, vyumba vinne, korido katikati, jiko na choo uani. Bati limeota kutu, ukiegemea ukuta unaondoka na chokaa yote mgongoni, fundi atakuta ukuta mgongoni kwako. Lakini nimeipenda. Sakafu ya saruji nyekundu, imesuguliwa miaka na miaka mpaka inang'aa, na pale kizingitini imeliwa kidogo katikati kwa miguu ya watu. Halafu kibanda changu cha vitenge kiko Kariakoo, daladala zikigoma natembea kwa miguu nafika.

Nimefuata kila kitu. Leseni ya makazi nimeiona, nikaenda nayo manispaa kuihakiki. Jina lililopo ni la marehemu, basi nikadai barua ya usimamizi wa mirathi, nikaoneshwa, ina muhuri wa mahakama ya mwanzo. Warithi wote nimekaa nao mkekani. Bibi kanishika mkono kasema, "Mwanangu, wewe utaitunza." Bei tukamaliza, milioni 55. Huyo bwana nimempa hela ya kuoneshwa, hela ya vocha, hela ya bodaboda, hela ya supu. Kwa supu zangu peke yake huyo mtu ana mbuzi mzima tumboni!

Leo sasa, ofisi ya serikali ya mtaa, tunasaini. Mashahidi wapo. Mara gari linasimama nje, anashuka mheshimiwa mmoja, ndani haingii, vyumba hataki kuviona. Kapiga simu moja tu. Kumbe keshaenda kupima kiwanja kwa hatua, anataka kubomoa aweke fremu za maduka, na kaongeza dau. Dalali akainuka, akaninyang'anya peni mkononi. Peni! Nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu! Akapaza sauti: "Nenda Chanika, dada. Mjini kuna wenyewe."

Na peni nimenunua mimi.

Watu wakaangua kicheko. Mama wa mihogo dirishani kacheka. Mwenyekiti kaangalia dari mpaka nikadhani kuna nyoka. Mimi nimezaliwa hospitali ya Amana, nimesoma Buguruni, nimetumwa mafuta ya taa kwenye vichochoro hivi nikiwa sina meno ya mbele. Leo mtu aliyeshuka na basi juzi ananiambia mjini kuna wenyewe? Mimi niende Chanika?

Ushauri sitaki. Nataka mnisaidie kukasirika.

Kitasa:
Pole sana dada. Huyo kiumbe namjua. Alinionesha chumba Malapa, nikalipia, siku ya kuhamia tukakutana wanne mlangoni, kila mtu na godoro lake kichwani. Kila mtu na risiti.

Mwana Chanika:
Samahani, Chanika tumeingiaje hapa? Mnaitaja kama tusi. Nina kisima, nina mwembe, watoto wangu wanacheza uani bila kukanyagana na wapangaji. Mleta uzi tuombe radhi.

Jicho la Tai:
Nimesoma insha nzima kumbe dada analilia peni.

Binti wa Uani:
Si peni! Ni lile neno! Kanyang'anya KWANZA, ndiyo akasema nenda Chanika. Kwa kunyoosha kidole!

Mwana Chanika:
Unaona, anarudia tena.

Babu wa Baraza:
Binti, kama hakuna kilichosainiwa, huna pa kushika. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, ya mkekani hayatoshi. Nenda kwa yule bibi usiku huuhuu, usipitie kwa dalali.

Binti wa Uani:
Shikamoo babu. Nimesema ushauri sitaki. (Bibi hapokei simu.)

Mpangaji Sugu:
Nyie wa kununua mna raha zenu. Sisi tuliopanga, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani ukinunua umeme. Ilianza 1,000 kwa mwezi, ikaja 1,500. Jengo si langu! Choo kimejaa, bati linavuja juu ya kitanda, na kodi ya jengo nalipa mimi!

Kitasa:
Si unamkata mwenye nyumba kwenye pango?

Mpangaji Sugu:
Umkate huyu wangu? Ukitaja LUKU anakwambia hama. Na pango anataka miezi sita kwa mkupuo.

Mwana Chanika:
Huku kwetu miezi mitatu wanapokea, na salamu juu.

Jicho la Tai:
Halafu uamke saa tisa usiku ukagombanie siti. Foleni ya Gongo la Mboto inakusubiri.

Mwana Chanika:
Bora foleni kuliko harufu ya mtaro wenu. Na umeme tunao. Jana kwenu haukukatika?

Mama Samaki Keko:
Jana? Kwangu tangu juzi saa mbili usiku! Friji zima la changu na vibua limeharibika, paka wa mtaa mzima wamehamia mlangoni, mteja wangu wa harusi anapiga simu sijui nimwambie nini. Nani mwingine Keko yuko gizani? Semeni tujue kama ni laini nzima au ni nguzo yetu tu.

Kitasa:
Keko Machungwa tunao. Itakuwa nguzo yenu.