Dansi, bongo fleva na singeli: mapigo yanaachana

Swali: Wakuu, mimi ni DJ, ukumbi una wazee na vijana. Natokaje kwenye dansi ya miaka ya 1970 kwenda bongo fleva, kisha singeli? Programu ya DJ ikilinganisha mapigo ya nyimbo mbili yenyewe, baada ya nusu dakika yanaachana.

Jibu: Zima ulinganishaji. Bendi nyingi za dansi zilirekodi Radio Tanzania wanamuziki wote wakipiga pamoja, na kwenye chemko, sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo magitaa huchangamka watu wacheze, kasi hupanda kidogo. Bongo fleva hutengenezwa kwenye kompyuta, kasi yake haiyumbi. Subiri chemko, gitaa la solo likianza kurudia mzunguko uleule, punguza besi ya wimbo wa zamani kwanza, ndipo uingize mpya. Besi mbili zikikutana zinavuruga kila kitu.

Jibu: Kagua na nakala zako. Santuri za 45 (ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika) mara nyingi ziligawa wimbo: beti upande A, chemko upande B. Wimbo wenye upande A pekee utakukatikia watu ndiyo kwanza wanainuka.

Jibu: Singeli huanzia kama mapigo 200 kwa dakika. Hiyo ya 200 inakaa vizuri juu ya bongo fleva ya 100, mawili kwa moja. Ya 260 usiilazimishe. Kata muziki, mwachie MC sekunde chache, kisha iachie.