Mazuku na lava Goma: bahati mbaya au bei ya kiwanja?

Wandugu, kila tukigusa habari ya volkano hakosi mtu wa kusema: "Nyiragongo haichagui tajiri wala maskini." Kwa mwaka 2002 ana haki. Lava ilipita uwanja wa ndege, ikala maduka ya katikati ya mji, ikaingia ziwani. Lakini tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, na walioungua ni wale wa pembezoni, waliofuata viwanja vya bei ndogo. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame. Mwenye gari aliondoka na familia nzima. Wengine walikwenda Sake kwa mguu, godoro kichwani.

Mazuku yananiuma zaidi, maana hayangoji mlima ulipuke. Ni gesi ya kuua, nzito kuliko hewa, haionekani, inatulia kwenye mashimo ya mawe usiku na alfajiri pasipo upepo, kwenye mitaa kama Keshero, Lac Vert, Bulengo. Sasa weka watu wawili pale pale. Mmoja kajenga msingi mrefu, analala kitandani. Mwingine ni mtoto wa wakimbizi, amelazwa chini juu ya shiti. Kimo cha kitanda tu kinaweza kuamua nani ataamka. Hapo mlima haujachagua, mfuko umechagua. Mimi nasema serikali ilazimishe neno mazuku liandikwe kwenye karatasi ya kiwanja. Ninyi mnasemaje?

Wa Himbi: Unatia chumvi. Hata nyumba za mawe zinaingiliwa, gesi inapenya kwenye nyufa za msingi, na ukifunga madirisha ndiyo balaa. Halafu mtu mzima anajua anachonunua. Majani yamekauka, mijusi imekufa, wewe unajenga tu?

Motari (dereva wa pikipiki) wa Majengo: Papa, anajua wapi? Komisioneri, yaani dalali, anakupeleka kuona kiwanja saa sita mchana, jua kali, upepo unapiga, gesi imeshatawanyika. Mijusi anaifagia mapema. Mwambie akupeleke saa kumi na moja alfajiri uone kama atakubali.

Mama wa Lac Vert: Mimi kiwanja changu ndiyo akiba yangu yote, nimeachiwa na marehemu mume wangu. Mkiandika mazuku kwenye karatasi yangu, nani atanipa pesa ya kuhamia mahali pa juu? Mtakuwa mmenifunga humo humo.

Mwanzisha mada: Mama, hilo la fidia ni la kweli, bila hiyo wazo langu ni nusu. Ila kunyamaza ni kumuuzia mwenzako kifo. Linalonitatiza mimi ni jingine: bei ikishuka, si ndipo watakuja maskini kuliko sisi?

Wa Keshero: Watakuja kupanga, siyo kununua. Mimi ni mpangaji, karatasi ya mwenye nyumba sijawahi hata kuiona. Mkitaka kuandika, andikeni kwenye jiwe pale shimoni, kwa rangi nyekundu, na kwa Kiswahili, maana Kifaransa wengi hatusomi.