Naombeni ushauri: Peugeot 404 ya marehemu baba iliyokimbia Safari Rally, milioni 25 ni bei halali?

Kijana wa Mapipa
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Naombeni msaada, hasa wanaojua magari ya zamani.

Marehemu baba alituachia Peugeot 404. Hili si gari la kwendea sokoni. Lilikimbia Safari Rally ya mwaka 1968, enzi zile mashindano yanapita Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, na baba aliyamaliza. Ndivyo tulivyosimuliwa tangu tukiwa wadogo. Gari limesimama Chang'ombe chini ya banda la mabati tangu niko darasa la tano. Tairi zimekaa chini, panya wamekula viti, ila bodi ni ngumu kuliko nilivyotegemea na injini imo.

Sasa amejitokeza mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya rali za zamani. Amekuja kwa mkono wa dalali, anatoa milioni 25. Swali langu ni hilo moja tu: bei hiyo ni halali au naibiwa?

Nyuki Mkali
Milioni 25 kwa nyumba ya panya na bado unauliza? Pokea hela mkuu. Nunua bodaboda nne, weka vijana, kila jioni unapokea hesabu. Mimi nilianza na moja Tandika, leo zipo tano. Siri ni kutowapa ndugu.

Bi Mwenge
Nyuki, kaulizwa bei ya gari, si habari za bodaboda.
Mwanangu Kijana, pole kwa kufiwa. Sisi tuliuza cherehani ya mama yetu wiki mbili baada ya arobaini kwa sababu kila mtu alikuwa na shida yake. Zile hela hakuna anayekumbuka zilikwenda wapi. Cherehani naikumbuka mpaka mlio wake. Kaa na ndugu zako kwanza.

Kijana wa Mapipa
Asante mama. Ndugu tumeshaongea, hakuna shida. Naomba turudi kwenye bei.

Dereva Mstaafu
Umenirudisha mbali sana kijana. Nimekulia Korogwe. Safari ilikuwa inakimbizwa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika, kwa hiyo madereva walikuwa wanapambana na tope kuliko wanavyopambana wao kwa wao. Tulikuwa tunatoka kanisani tunakimbilia barabarani na nguo za sikukuu. Unasikia gari kabla hujaliona. Likipita limeshakumwagia tope mpaka kwenye kola, na unarudi nyumbani kupigwa huku unacheka.

Na 404 ndiyo ilikuwa gari yenyewe. Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Dar, alishinda nayo 1966, akarudia 1967. Watoto wote tulikuwa tunajiita Shankland. Kabla yake Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo, lakini kwetu sisi wa Tanganyika ya zamani 404 ilikuwa kama timu ya nyumbani. Kijana, hilo gari usiliuze kwa mtu asiyejua analonunua.

Fundi Bodi wa Gerezani
Shikamoo mzee Dereva, umenipa raha.

Kijana, nikujibu kifundi, maana hayo magari nimeyapasua mengi. Bei ya gari la mashindano haitokani na gari peke yake. Inatokana na ushahidi kwamba gari hili, bodi hii, namba hii ya chesisi, ndiyo iliyosimama kwenye mstari siku ile. 404 ya kawaida mtu anaweza kuifunga taa nne mbele, akabandika namba mlangoni, ikafanana kabisa. Hiyo ni nakala. Wenye hela zao wanajua tofauti. Hata ile pasi ya kiufundi ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ya magari ya kihistoria inathibitisha gari limetengenezwa kwa vipimo vya enzi zake, haithibitishi kwamba lilishiriki mbio fulani.

Kwa hiyo nijibu. Kadi ya gari unayo? Jina la nani? Namba ya chesisi kwenye kadi na kwenye gari zinalingana? Kuna picha za siku zile, karatasi za ukaguzi, kibao cha namba ya mashindano? Injini inapata mafuta kwa kabureta au kwa pampu ya injeksheni?

Na tafadhali sana: usipige rangi.

Kijana wa Mapipa
Fundi asante, hapa ndipo nilikuwa napataka. Namba ya chesisi inasomeka. Injini ina kabureta, ila kuna tundu limezibwa na kipande cha bati, inaonekana kulikuwa na kitu kingine. Upande wa abiria kwenye dashibodi kuna matundu manne ya skrubu na waya uliokatwa, sijui ni ya nini. Kuhusu rangi, kuna kijana amekwisha anza kupiga msasa mlango wa kushoto, nilitaka mnunuzi akija alikute safi.

Fundi Bodi wa Gerezani
MSIMAMISHE HUYO KIJANA LEO HII. Mpigie sasa.

Matundu manne upande wa abiria ndiko anakokaa msoma ramani. Pale palifungwa taa yake ya kusomea usiku, au saa za kupimia muda. Hayo matundu yana thamani kuliko rangi yoyote utakayopiga. Na mlango unaousugua ndio uliokuwa na namba. Zamani namba zikishatumika watu walikuwa wanapiga rangi juu yake tu. Chini ya msasa wa huyo kijana kuna historia unaitoa kwa kilo ya vumbi.

Hujajibu kuhusu kadi.

Kijana wa Mapipa
Nimempigia, ameacha. Alikuwa amefika nusu ya mlango. Kuna weusi umeanza kuonekana, kama mstari wa duara hivi, nilifikiri ni kutu.

Fundi Bodi wa Gerezani
Usiguse. Chukua kitambaa chenye maji tu, pangusa, piga picha. Na kadi?

Kijana wa Mapipa
Kadi ipo, haina shida.

Bi Mwenge
Ipo wapi mwanangu? Maana umeulizwa mara ya tatu.

Kijana wa Mapipa
Ipo Tanga kwa baba mdogo. Kadi ni ya jina la marehemu baba lakini anaitunza yeye. Wakuu nisieleweke vibaya. Gari waliinunua wawili, kila mmoja alitoa nusu, na ndiye aliyekuwa amekaa kushoto kwa baba kwenye mashindano, akisoma ramani. Lakini hajawahi kuja kuliangalia zaidi ya miaka 20. Aliyelinunulia mabati ni mimi. Aliyelipa mlinzi ni mimi.

Dereva Mstaafu
Msoma ramani mwenyewe yuko hai, na wewe unatuuliza sisi?

Wakili wa Mtaani
Ngojeni kwanza. Kijana, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama? Kama kadi ina jina la marehemu, hata wewe ukiwa mtoto wa pekee huwezi kuhamisha umiliki kwa sahihi yako tu. TRA watakuuliza barua ya usimamizi wa mirathi. Na kama baba mdogo alichangia nusu, hiyo nusu hata kwenye mirathi haimo, ni mali yake. Umesema "ndugu tumeshaongea." Yeye amesemaje?

Kijana wa Mapipa
Niliongea na dada zangu wawili. Yeye sijamwambia bado. Nataka kumaliza kwanza ndipo nimpelekee chake, mtu mzima wa miaka 80 na kitu hapaswi kusumbuliwa na mambo ya madalali.

Wakili wa Mtaani
"Kumaliza" maana yake nini? Umepokea chochote?

Kijana wa Mapipa
Nimepokea milioni 5 ya kutangulizia. Nilisaini karatasi. Mtoto alikuwa anazuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada, wakuu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Sikuziponda. Zimekwenda chuoni zote na risiti ninayo. Na mnunuzi ni mtu mwema, ameniambia gari litafufuliwa litembee tena. Baba angefurahi. Likibaki Chang'ombe litaoza. Nipo sahihi kuliuza, ninachotaka kujua ni kama bei ni sahihi.

Nyuki Mkali
Mkuu hapo mimi nakuelewa. Ada haisubiri.

Bi Mwenge
Ada haisubiri, lakini simu ya Tanga ni ya dakika mbili.

Kumbukumbu za Rali
Samahani, nimesoma uzi wote nikinyamaza, sasa niseme. Mimi hii naona ni chai.

Safari ya 1968 magari 93 yaliondoka, yaliyofika mwisho ni 7 tu. Saba! Mvua iliyafuta mengine yote. Ilikuwa mara ya pili, kwani 1963 pia walimaliza 7. Walioshinda 1968 ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa 404 kweli. Majina ya wale 7 yanajulikana na kila anayefuatilia mambo haya. Kama baba yako "aliyamaliza" mwaka huo, taja namba ya gari lake tuangalie. Vinginevyo mtoa mada ametafuta hadithi ya gari, akaongeza ada ya mtoto na mzee wa Tanga ili tulie. Picha mbona hakuna hata moja?

Nyuki Mkali
Dah! Kumbe chai! Nami nimekaa hapa natoa ushauri wa bodaboda.

Mtoto wa Keko
Mimi nilishahisi tangu kwenye panya. Tuwekee na andazi kabisa.

Fundi Bodi wa Gerezani
Mimi siamini kama ni chai. Mtu anayetunga hatungi matundu manne ya skrubu asiyojua kazi yake. Na lile tundu lililozibwa na bati nimeshalielewa: injini ya 404 imelazwa nyuzi 45, na zile za injeksheni zilikuwa na pampu ya Kugelfischer pembeni. Pampu ilipokosa fundi wa kuirekebisha, watu waliing'oa wakafunga kabureta. Nimeona hivyo mara nyingi. Lakini Kumbukumbu yuko sahihi kwenye hesabu ya 7. Kijana, jibu.

Kijana wa Mapipa
Nimesoma mara mbili. Roho imeniuma, siwafichi. Mimi sikutunga. Baba alitusimulia alimaliza, na sisi tuliamini. Nitaweka picha asubuhi. Na nitampigia baba mdogo, naona hakuna njia.

Kijana wa Mapipa
(siku ya pili)
Wakuu, nimepiga. Tumeongea saa nzima na dakika kumi, hela ya simu iliisha akanipigia yeye.

Nilianza na salamu, nikazunguka, mwisho nikamuuliza: baba, kweli 1968 mlimaliza? Akanyamaza. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Hatukumaliza mwanangu. Nani alimaliza mwaka ule?" Anasema walizama usiku kwenye tope mpaka maji yakaingia kwa milangoni. Yeye alishuka kusukuma, viatu vikabaki chini. Walisukuma hadi kumekucha, na wanakijiji wakaja na kamba, lakini muda ulikuwa umeshapita. Walirudi Dar na gari likitembea lenyewe. Baba alipofika nyumbani, babu aliyekuwa anaumwa kitandani akamuuliza, "Mmefika?" Baba akajibu, "Tumefika." Basi ikabaki hivyo. Baba mdogo hakuwahi kumkanusha kaka yake.

Anasema namba yao ilikuwa kwenye duara jeupe lenye ukingo mweusi. Ule weusi niliouona mlangoni ndio huo.

Nikamwambia na habari ya milioni 5. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniuliza mtoto amefanya mtihani? Nikasema amefanya. Akasema vizuri.

Pampu anayo yeye, imo kwenye gunia la mkonge pamoja na kibao cha namba na kitabu alichokuwa anaandikia maili kwa mkono. Kumbe aliichukua ili isiuzwe chuma chakavu.

Dereva Mstaafu
Kijana, mwambie namwamkia. Mwambie kuna mtoto wa Korogwe aliyepigwa kwa sababu ya tope lao.

Kumbukumbu za Rali
Naomba radhi hapa hapa nilipokutuhumu. Hicho kitabu cha maili usikikabidhi kwa dalali wala mtu yeyote. Kipige picha ukurasa kwa ukurasa kwanza. Na kwenye maelezo ya gari andika ukweli: lilianza 1968, halikumaliza. Waliokwama mwaka ule ni 86, hakuna aibu hata kidogo, na mnunuzi akikuta ulimwambia "lilimaliza" atatilia shaka mpaka namba ya chesisi.

Wakili wa Mtaani
Na ile karatasi uliyosaini, ipige picha unitumie faragha, uzibe majina. Usipokee shilingi nyingine mpaka mirathi ifunguliwe. Mwambie mnunuzi ukweli kwamba kuna mmiliki mwenza. Kama kweli analitaka gari, atasubiri.

Nyuki Mkali
Mkuu, kwa hiyo unauza au huuzi?

Kijana wa Mapipa
Sijui. Mnunuzi nimeshamwambia, amesema atasubiri na anataka kuongea na mzee. Baba mdogo anapanda basi Jumamosi asubuhi, nitampokea stendi ya Mbezi, tutakwenda moja kwa moja Chang'ombe. Amenipa masharti mawili, nisifungue boneti mpaka afike, na kiti cha kushoto nikitoe panya.

Fundi Bodi wa Gerezani
Jumamosi nipo. Nakuja na jeki na betri. Pampu asiioshe kwa petroli, aje nayo hivyo hivyo na gunia lake.