Kabati la Bibi

JUMAMOSI

Dada Walukuba: Asalaam aleikum wote. Bibi, shikamoo. [picha] Kabati limekaa verandani tangu mvua za mwezi wa tatu, na leo mwenye mkokoteni amekuja kuomba alichukue akalipasue kuni. Nimemkatalia. Nataka kulipaka rangi ya chaki. Nani ana neno?

Mama Mdogo Kampala: Waaleikum salaam. Kuni? Kabati la vikombe vya Idi? Asiliguse mtu!

Mjomba Bombo: Mwanangu, huo ni mvule. Mvule haupakwi rangi. Nimekaa kwenye mbao huko Ndeeba, Kampala, miaka 22, mti kama huo siku hizi unautafuta kwa tochi. Piga msasa, piga vanishi, basi.

Dada Walukuba: Nimekusikia Mjomba, na fremu na ubao wa juu sitavigusa kwa rangi. Lakini milango na mbavu ni plaiwudi. Tazama mlango wa kushoto. [picha] Ngozi ya juu imebabuka kama ganda la muwa. Vanishi haifichi hilo.

Mjomba Bombo: Hapo sawa. Sikujua ni plaiwudi.

Kaka Entebbe: Rangi ya chaki ndiyo ipi? Ya kuandikia ubaoni?

Dada Walukuba: Hapana kaka. Ni rangi isiyong'aa, ikikauka ukiipapasa ni kama ganda la yai. Aliyeianzisha ni Annie Sloan, Mwingereza wa Oxford, mwaka 1990. Uzuri wake inashika juu ya vanishi ya zamani, huna haja ya kukwangua mpaka ufike kwenye mti. Ya kuagiza ni ghali, mimi nachanganya mwenyewe.

Kaka Entebbe: Nipe vipimo, nina stuli mbili hapa.

Dada Walukuba: Rangi ya maji ya ukutani, isiyong'aa, vikombe 3. Plasta ya Paris, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, kikombe 1. Maji kikombe 1. Anza na plasta na maji, koroga mpaka ilainike, ndipo umimine kwenye rangi. Mwaka jana niliitia plasta kavu moja kwa moja kwenye kopo. Ilitoa madonge kama ugali wa mtu mwenye haraka, na kabla sijamaliza mguu wa pili wa stuli ikaganda. Kijiti kilisimama wima chenyewe. Changanya kidogo kidogo, cha kumaliza saa hiyo hiyo.

Binamu Arua: Huku chokaa ya mifuko iko tele. Haifai?

Dada Walukuba: Ya kupaka kuta usitie kabisa. Hiyo inachoma mikono na macho, na si chaki. Ukikosa plasta ulizia dukani unga mweupe wa chaki, wanaoutumia kutengenezea rangi.

Mama Mdogo Kampala: Na mahogani je? Meza yangu niliipaka nyeupe, asubuhi nikakuta madoa ya rangi ya chai yamepanda juu. Nikapaka tena, yakapanda tena. Mara tatu! Nililia.

Mjomba Bombo: Huo ni utomvu wa mti, rangi ya maji ndiyo inauvuta. Ungepaka mara kumi ungepanda mara kumi. Dawa yake shelaki: yale magamba ya rangi ya asali, unayaloweka kwenye spiriti yayeyuke, unapaka mkono mmoja au miwili, yaani tabaka, kwanza. Ikikauka ndipo rangi.

Mjomba Bombo: Na wewe wa Walukuba, mle ndani kuna rangi ya kijani ya zamani, naikumbuka. Usiipige msasa. Rangi za mafuta za zamani nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Osha kwa sabuni, ikauke, funika kwa shelaki. Ukisugua ule mvule wa juu, funga pua. Vumbi lake linawasha kifua.

Dada Walukuba: Ahsante sana Mjomba. Hilo la risasi lingenipita.

Mjukuu wa Bombo: Bibi ametuma sauti, nawaandikia. Anasema: "Pakeni buluu, kama leso yangu ya Ijumaa. Lakini ndani ya mlango wa kulia msipake. Ndimo nilimoandika hesabu za mandazi kwa penseli."

Dada Walukuba: Subhanallah, ni kweli. Nimefungua sasa hivi. [picha] "Mama wa kona, 6. Askari, 10, atalipa mwisho wa mwezi." Maandishi yamefifia ila yanasomeka. Sitapitisha hapo hata kitambaa chenye maji.

Mama Mdogo Kampala: Hayo mandazi ndiyo yaliyotusomesha.

JUMATANO

Dada Walukuba: Mkono wa kwanza nimepaka jana jioni, taa ikiwaka. Asubuhi mlango mzima umejaa sami! Wale wadudu wa ziwani wamenasa kwenye rangi, mabawa na yote. [picha]

Mama Mdogo Kampala: Pole mwanangu! Usiwang'oe rangi ikiwa mbichi, utaichana.

Dada Walukuba: Nimengoja ikauke kabisa, nikawapangusa kwa brashi kavu, halafu msasa laini namba 220, polepole. Mkono wa pili nimepaka leo saa tatu asubuhi, jua likiwa limetoka. Buluu imetulia. Bibi ataipenda.

JUMAPILI

Binamu Arua: Nta ya nyuki ya kupaka juu ya rangi nimeiweka kwenye basi la jana usiku. Imefika?

Dada Walukuba: Imefika, inanukia hadi sebuleni! Nimeiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, nikatoa motoni kabisa, nikapeleka nje, ndipo nikatia taipentaini. Ile inashika moto haraka, Kaka usije ukaitia karibu na sigiri, jiko la mkaa. Nimepaka nyembamba kwa kitambaa cha pamba, nikasugua. Buluu imekolea.

Kaka Entebbe: Naweza kuweka chai juu ya stuli leo?

Dada Walukuba: Kikombe cha moto hapana. Nta inataka wiki kadhaa ikomae. Hata baadaye weka kitambaa chini.

Mjukuu wa Bombo: Bibi anauliza kabati linakuja lini.

Dada Walukuba: Ijumaa, In shaa Allah, nikipata pikapu. Mjomba, jambo moja: mlango wa kushoto sasa unakwama, rangi imeongeza unene ukingoni. Nikwangue?

Mjomba Bombo: Usikwangue. Sugua mshumaa kwenye ukingo, fungua na kufunga mara kadhaa.

Dada Walukuba: Umefunga!