Mrejesho: randa na patasi za mtumba, Ngamiani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa Tanga nitapata wapi vifaa vya useremala vya mtumba bila kupigwa. Jumamosi nilidamkia Ngamiani, nikapata randa ya Stanley namba 4 (saizi ya kawaida ya kulainishia mbao) na patasi mbili. Muuzaji alianzia 60,000, tukamalizana 35,000.

Aliyesema nikague tumbo la randa, yaani upande wa chini unaopita juu ya mbao, Mungu akubariki: ya kwanza niliyoshika ilikuwa na ufa mdomoni, pale kisu kinapochomoza, imepakwa rangi inang'aa kama ya bwana harusi! Kutu niliiloweka kwenye siki usiku kucha, nikasuuza kwa maji ya magadi, nikakausha, nikapaka mafuta. Patasi moja imeniangusha. Ncha ina ubluu, iliunguzwa kwenye mashine ya kunolea, chuma kikalainika. Nainoa asubuhi, mchana butu. Msumeno bado nautafuta.