Mada: Sarafu za mwaka aliozaliwa mzazi (mzee 1952 Tanga, mama 1953)

Kutoka: S., Leicester

Ndugu, salaam. Tunataka kumpa mzee seti ya sarafu za mwaka aliozaliwa. Ni mzaliwa wa Tanga, 1952. Bajeti ni pauni 60, boksi likiwemo. Naomba kujua ni sarafu zipi zilizokuwa mikononi mwa watu pale mwaka huo, nitajuaje kama sijauziwa mbuzi kwenye gunia, na zitafikaje Tanga salama. Mama ni wa 1953. Ikiwezekana apate na yeye, tusije tukazua ugomvi nyumbani.

Kutoka: H., Birmingham

Ndugu S., kwa mzee 1952 ni mwaka rahisi. Tanganyika ilitumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ile ile iliyotumika Kenya, Uganda na Zanzibar (Zanzibar iliacha rupia 1936). Kwa hiyo usitafute sarafu iliyoandikwa Tanganyika, haipo. Tafuta maneno EAST AFRICA.

Seti kamili ya 1952 ni vipande vitano: senti 1, senti 5, senti 10, thumni (yaani senti 50) na shilingi. Zile tatu ndogo kwa thamani ni za shaba na zina tundu katikati, na pembe za ndovu zimepinda pande mbili za tundu. Thumni na shilingi ni za shaba iliyochanganywa na nikeli, rangi nyeupe, zina simba aliyesimama na milima nyuma yake. Vipenyo kwa kukadiria: senti 1 milimita 20, thumni 21, senti 5 karibu 26, shilingi 28, senti 10 karibu 31. Ndiyo, senti 10 ni kubwa kuliko shilingi. Wanunuzi wengi huagiza kapsuli (vikasha vya plastiki vya kuhifadhia sarafu) kwa kufuata thamani, wakajikuta na kapsuli ambazo hazifai.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kulipa.

Kwanza, neno "fedha", kwa maana ya madini, kwenye tangazo. Shilingi na thumni za Mfalme George VI zilikuwa na fedha asilimia 25 hadi 1946. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Shilingi ya 1952 inayouzwa kwa bei ya fedha ni ya kuachwa, hata kama muuzaji amekosea kwa nia njema.

Pili, jina. Mfalme alifariki tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth akiwa Kenya, lakini sarafu zote za bodi zenye mwaka 1952 zina jina la mfalme: GEORGIVS SEXTVS REX. Hakuna ya malkia ya mwaka huo. Za kabla ya 1948 zina maneno ya ziada ET IND: IMP:, yaani mfalme wa India pia. Ukiyaona hayo pamoja na "1952", kuna aliyechezea mwaka.

Tatu, herufi ndogo ya kiwanda kilichotengeneza sarafu. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria, na isiyo na herufi ni kiwanda cha serikali London. Senti za 1952 zipo zisizo na herufi na zipo zenye H. Kwa zawadi chagua moja tu ya kila aina, iliyo katika hali nzuri kuliko nyingine. Ukianza kukusanya kila herufi, hiyo inakuwa kazi ya mkusanyaji, si seti ya mzee.

Sarafu hizi si adimu. Kwenye maonyesho ya sarafu hapa Uingereza utazikuta kwenye trei za "dunia nzima" ambapo kila kipande kina bei moja. Nenda na lenzi ya mara 10, na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Shilingi iwe karibu na gramu 7.8, thumni karibu na 3.9. Beba na sumaku ndogo: hakuna hata moja kati ya hizi tano inayovutwa na sumaku. Pesa yako itaishia zaidi kwenye ubora. Senti iliyolika inapatikana kwa bei ya peremende, lakini yenye rangi yake ya awali ya shaba hupanda bei mara nyingi zaidi. Ningekushauri uweke nguvu kwenye shilingi na senti 10, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwanza boksi likifunguliwa.

Orodha kamili ipo kwenye katalogi ya mtandaoni ya Numista, bure. Ukitafuta kwa namba za katalogi ya Krause, shilingi ya 1948 hadi 1952 ni KM 31. Kumtumia muuzaji namba hiyo kunapunguza maelezo mengi.

Kutoka: R., Minneapolis

Kuhusu mama. 1953 ni pengo. Bodi haikutoa sarafu zenye mwaka huo. Za malkia zinaanza 1954 kwa senti 1 na thumni, senti 5 zinafuata 1955, senti 10 ni 1956. Shilingi ya sarafu ya malkia haikutolewa kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia "East Africa 1953", funga mkoba.

Njia ziko mbili. Ya gharama ndogo ni sarafu ya Uingereza ya kutawazwa kwa malkia, 1953, ya shilingi 5: kipenyo kama milimita 38.6, gramu 28.28, malkia akiwa juu ya farasi. Zilitengenezwa karibu milioni 6, hivyo isikuumize kichwa. Ya gharama kubwa ni noti. Noti za kwanza za bodi zenye picha ya malkia zina tarehe 31 Machi 1953, na ya shilingi 5 ndiyo ndogo kuliko zote. Hizo zina soko lake, na zilizotobolewa kwa pini au kuoshwa na kupigwa pasi ni nyingi. Shika noti dhidi ya mwanga uone matundu na mikunjo iliyonyooshwa.

Nina neno moja la kupinga mazoea ya huku: watu huongeza sarafu ya nchi wanayoishi, nusu dola ya 1952 kwa mfano, ili seti ionekane kubwa. Mzee wa Tanga hakuwahi kuishika ile nusu dola. Iache.

Kutoka: H., Birmingham

Nakubaliana na R., na naongeza kwa wa Uingereza: msikimbilie peni ya Uingereza ya 1952. Haikutolewa kwa matumizi. Ya 1950 na 1951 ilitengenezwa kidogo mno na bei yake haina uwiano na zawadi.

Kutoka: J., Toronto

Nawajibu na wengine wanaosoma kimya, maana wazazi si wote wa 1952.

Wa 1936 wana kitu cha pekee: senti 5 na senti 10 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuingia mitaani, lakini hizi za tundu zilitumika kawaida kwetu kwa sababu hazina sura, zina jina tu. Si ghali. Soma maandishi: EDWARDVS VIII.

Wa miaka ya vita, shilingi zao nyingi zina herufi I au SA, kwani kazi nyingine ilifanyika Bombay na Pretoria. Fedha ya asilimia 25 ina tabia yake: sehemu zilizoinuka zikilika hugeuka njano au kahawia, na mabonde yanabaki meupe. Mtu asiyejua hudhani imepakwa rangi. Ni hali yake ya kawaida, kwani weupe ulikuwa wa juujuu tangu kiwandani.

1964 kuna senti 5 na senti 10 tu, za EAST AFRICA bila jina la malkia. 1965 ni pengo jingine. Wenye asili ya Burundi wana faranga 1 ya 1965, na wa Kongo wana faranga 10 ya simba ya mwaka huo huo, ya aluminiamu.

1966 kila nchi ina zake. Tanzania ilianza na senti 5, 20, 50 na shilingi 1: samaki, mbuni, sungura na mwenge, upande wa pili Mwalimu na maneno RAIS WA KWANZA. Shida ya Tanzania ni kwamba haikutoa kila mwaka: kwa senti 20 na senti 50, baada ya 1966 inafuata 1970. Mzazi wa Kitanzania wa 1967 au 1968 hana sarafu ya nyumbani yenye mwaka wake. Kenya inazo za 1967 na 1968, na hapo ni uamuzi wa familia kama wataona inafaa. Kwa Wakenya, angalieni sura ya Mzee Kenyatta: hadi 1968 hakuna maandishi yanayomzunguka, kuanzia 1969 yapo.

Kutoka: N., Rotterdam

Mmezungumzia kununua, mkasahau kinachoharibu. Usisafishe. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa Brasso. Shaba iliyosuguliwa hutoka rangi ya waridi, kisha inapata madoa yasiyo sawa baada ya miezi, na mikwaruzo myembamba haiondoki tena. Kuitambua iliyosafishwa: iinamishe polepole chini ya taa moja. Sarafu yenye mng'ao wa kiwandani, mwanga unazunguka juu yake kama mishale ya saa. Iliyosuguliwa inang'aa yote kwa mpigo, halafu inazimika yote.

Kwenye sarafu za tundu chunguza ukingo wa tundu. Zilikuwa zinatungwa kwenye kamba au waya, na waya huacha mfereji upande mmoja wa tundu. Picha ya muuzaji ya kutoka mbele haionyeshi hilo. Omba iliyopigwa kwa mshazari.

Ukiona utelezi wa kijani unaonata, hiyo ni plastiki laini ya PVC iliyotoa mafuta yake, si kutu. Hapo asetoni inaruhusiwa, ile safi ya duka la kemikali na si ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Mimina kwenye chupa ya kioo, tumbukiza sarafu dakika 10, ihamishie kwenye asetoni mpya, itoe kwa kushika ukingo, iache ikauke yenyewe bila kufuta. Dirisha wazi, hakuna moto karibu. Kijani kikiwa kigumu na cha unga na chini yake kuna shimo, chuma chenyewe kimeliwa; usiinunue.

Hifadhi kwenye kapsuli ngumu za akriliki. Zile za mraba za milimita 50 kwa 50 zenye povu la kati zinafaa zaidi, kwa sababu boksi moja linapokea vipenyo vyote vitano na unachagua tundu la povu tu. Tanga ina joto na hewa ya chumvi, kwa hiyo weka pakiti ya silika jeli (ya kunyonya unyevu) ndani ya boksi na uibadilishe kila baada ya masika. Boksi la mwaloni au la mbao zilizopakwa vanishi mpya linatoa mvuke wa tindikali, na mipira ya kufungia vitu inatoa salfa inayotia weusi. Gundi usiikaribie kabisa, hata kwenye fremu ya ukutani.

Kutoka: M., Muscat

Kwa familia za Zanzibar na Oman, miaka ya Hijria inaleta mkanganyiko. Mwaka 1952 umegawanyika: hadi 20 Septemba ni 1371, kuanzia 21 Septemba ni 1372. Sarafu za Muscat na Oman zina mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Riali ya fedha ya ١٣٧٨ (1378) inaangukia Julai 1958 hadi Julai 1959, kwa hiyo inawafaa wa miaka yote miwili, mradi mjue mwezi. Seti ya baisa, sarafu ndogo za huko, ya ١٣٩٠ (1390) ni Machi 1970 hadi Februari 1971. Mzazi aliyezaliwa Zanzibar 1952 lakini akahamia Muscat baadaye, sarafu yake ni ya bodi.

Na wale ambao kitambulisho cha mzazi kinasema 1 Januari au 1 Julai: mara nyingi mwaka wenyewe ulikisiwa. Waulizeni shangazi kwanza. Kama hakuna uhakika, nunueni shilingi moja ya kila mwaka kati ya miwili inayowezekana, kwa shilingi za bodi si hasara.

Kutoka: H., Birmingham

Kuhusu kufikisha: abebe mtu kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la kupakiwa. Zitoe kwenye mkoba kabla ya mashine, kwani rundo la chuma huzuia kuona kilicho nyuma na utafunguliwa tu. Kwa posta, soma masharti kabla. Huduma nyingi hazilipi fidia ya sarafu zilizotumwa kwa bahasha ya kawaida. Kwenye fomu ya forodha andika "sarafu za wakusanyaji zisizotumika tena, 1952" kwa Kiingereza, na namba ya bidhaa 9705, ambayo ni ya vitu vya wakusanyaji. Ukiandika "pesa" tu, mzigo utakaa.

Kutoka: S., Leicester

Nimeelewa, asanteni sana. Kwenye kadi ya maelezo niandike nini? Na bei niiweke kwa ajili ya bima?

Kutoka: N., Rotterdam

Jina la bodi, thamani, mwaka, madini, herufi ya kiwanda kama ipo, namba ya KM. Tumia karatasi isiyo na tindikali na penseli, au printa ya leza. Wino wa kalamu huvuja kwenye unyevu. Risiti zibaki kwako Leicester pamoja na picha za pande zote mbili za kila sarafu na uzito wake. Bei usiiweke kwenye kadi.