Al-Inkishafi: kiu ya Mola au hofu ya kaburi tu?

Kipande_cha_Nne
Wakuu, salaam. Kila tukizungumza mashairi ya kisufi ya pwani, lazima atokee mtu wa kuitaja Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mimi naona imepachikwa hapo kimakosa. Fuateni mpangilio wake: bismillahi na sifa, anaugeukia moyo wake na kuukaripia, anaiponda dunia, anatutembeza kwenye magofu ya Pate, mji wa kale karibu na Lamu, mwisho Jahanamu. Mahaba yako wapi? Rabia wa Basra, yule mwanamke sufi, husimuliwa kwamba aliomba achomwe moto ikiwa anamwabudu Mungu kwa kuuogopa moto. Huyu wa Pate anamalizia na huo huo moto! Ni utenzi wa kutishia watu, basi. Mwenye ubeti wa mahaba aulete.

Mkunazi
Utenzi?? Utenzi ni mizani (silabi) 8 kwa kipande. Inkishafi ni bahari (aina ya shairi) yake yenyewe: vipande vinne, mizani 10 kila kipande, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinatua kwa -ye, mwanzo wa shairi hadi mwisho. Mtu asiyejua anasoma bahari gani atatufundisha nini kuhusu roho?

Popo_wa_Zidaka
Shekhe, umemrekebisha mwenzio kwa kosa jingine. Kumi umeziokota vitabuni. Hesabu kwa vidole vipande viwili vya shairi lenyewe: mo-yo-wa-ngu-ni-ni, hizo sita. Hu-i-ta-bi-ri, tano. Du-ni-a-ni-ji-fa, sita. Si-i-ka-ri-bu, tano. Ni 11, na pumziko lipo baada ya sita. Ndiyo maana anayeighani kwa sauti ya utenzi hubakiwa na mizani tatu mkononi, akazimeza haraka haraka, na maneno mazito mara nyingi yamekaa huko huko mwishoni.

Mkunazi
Wanavyuoni wameandika 10. Wewe nani?

Popo_wa_Zidaka
Mwenye vidole.

Bi_Tumbuza
Naomba turudi kwenye swali. Ndugu mwenye mada, kwanza jina. Inkishafi linatokana na kashf, kufunuka, pazia kuondoka. Ni istilahi ya watu wa njia, yaani masufi. Hichens alipoichapisha mwaka 1939 aliipa jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho, na wengi wamelisoma shairi kupitia jina hilo. Kuamka na kufunuliwa ni vitu viwili: aliyeamka ameshtuka, aliyefunuliwa ameona.

Pili, umeruka mifano ya dunia. Dunia ni kisima kisicho ukingo, kina mwana wa ng'ombe anayepiga pembe kila anayekikaribia, asipate "kunwa maiye". Kisha ni vumbi ndani ya mwale wa jua: ukilishika, mkononi hamna kitu. Na kuna mazigazi, "mwenye nyota" anayakimbilia akidhani ni maji. Viwili katika hivyo vitatu ni habari ya kutaka maji na kuyakosa. Mshairi haukemei moyo kwa kuwa na kiu. Anaukemea kwa kwenda kunywa pasipo na maji.

Mzee_wa_Hoja
Bi Tumbuza umeandika vizuri ila hapo kwenye mwenye nyota umeteleza. Mwenye nyota ni mtu mwenye bahati. Maana yake hata mwenye bahati yake dunia humchezea. Maji na kiu umeongeza wewe.

Popo_wa_Zidaka
Subhanallah. Nyota kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni KIU. Mai ni maji, yua ni jua, ndia ni njia. Hivi mwenye bahati akimbilie mazigazi ya nini? Si ana bahati?

Mzee_wa_Hoja
Punguza jazba. Kiswahili ni cha wote, hakikuumbwa Lamu peke yake.

Popo_wa_Zidaka
Cha wote ndiyo. Shairi hili lina kwao. Huwezi kuchukua kamusi ya leo ukaiweka juu ya Kiamu cha mwanzoni mwa karne ya 19 ukasema mshairi ndiye amekosea.

Mzee_wa_Hoja
Sikusema mshairi amekosea, nimesema Bi Tumbuza. Soma.

Dufu_la_Usiku
Wakati mnagombania nyota, mimi nina jambo. Kila ubeti unatua kwa -ye. Maiye ni maji yake. Yaani kila mara pumzi inaishia kwenye "yeye", mtu wa tatu, asiyetajwa. Mnaojua zikri ya "Hu", yaani "Yeye" kwa Kiarabu, mtanielewa. Mahaba hayapo kwenye maneno, yapo kwenye kina.

Mkunazi
Kwa hesabu hiyo kila utenzi unaotua kwa -ya ni tauhidi. Na "huzandamaye" utaiweka wapi? Pale unaulizwa moyo kwa nini unazifuata njia za tatasi. Huyo ni "wewe", na hasifiwi. Mshairi aliyejifunga kwa -ye hutafuta popote itakapopatikana, kwenye kitenzi au kwenye nomino. Ni ufundi, tena mgumu, maana -ye haigawiwi bure kama -a. Tusiugeuze kuwa ufunuo.

Kipande_cha_Nne
Ahsante Mkunazi. Nasubiri ubeti.

Bi_Tumbuza
Ubeti wa "mpenzi wangu" hutaupata, nami sikuahidi. Angalia mpangilio wa mwanachuoni Ghazali katika robo ya mwisho ya kitabu chake Ihya: toba, subira na shukrani, hofu na matumaini, ufukara na zuhudi (kuipa dunia kisogo), tauhidi na tawakkul (kumtegemea Mungu), ndipo mahaba na shauku. Ngazi ina vidaraja. Inkishafi inasimama kwenye hofu na zuhudi, haivuki. Ukitaka shauku yenyewe nenda kwenye Hamziyya, kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, ambayo Aidarusi aliitia Kiswahili, japo pale anayependwa ni Mtume. Au nenda Barawa, Somalia, kwa mashairi ya Dada Masiti na ya Sheikh Uways wa tarika ya Qadiriyya, aliyeuawa 1909; utayakuta kwa Chimiini (Kiswahili cha Barawa) na Kiarabu. Kwa hiyo nakukubalia nusu: si shairi la mahaba. Ila kulitoa kwenye usufi kwa sababu hiyo ni sawa na kusema daraja la chini si sehemu ya ngazi.

Dufu_la_Usiku
Hata magofu ya Pate. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyowekewa sahani za kaure, sasa wamelala "wana wa nyuni". Mtu asiyependa hakumbuki mahali palipokaa sahani.

Mzee_wa_Hoja
Nyuni ni nyuki?

Popo_wa_Zidaka
NDEGE. Wana wa nyuni ni makinda. Ya Rabbi nipe subira.

Mkunazi
Narudi kwenye mizani maana nimetukanwa. "Siikaribu" ii mbili mghani huzivuta zikawa moja, unapata 10. Vitabu havikukosea.

Popo_wa_Zidaka
Sawa. Na "huitabiri"? Hapo utavuta nini?

Mkunazi
Hu na i huungana, hutamkwa hwi. Hwitabiri.

Popo_wa_Zidaka
Na "wangu nini" utaifanyaje, wanini? Ukiruhusiwa kubana kila palipozidi, hata gazeti litaingia mizani 10.

Kipande_cha_Nne
Kwa hiyo tumekubaliana kwamba si shairi la mahaba?

Popo_wa_Zidaka
Wewe ngoja. Kijuma, mwandishi wa Lamu, alilinakili shairi hili kwa hati ya Kiarabu, nakala zake zipo. Huyu kwanza atuonyeshe hiyo "hwi" ameiona imeandikwa wapi.